Mzee wetu analala kwenye mabasi, naomba ushauri

Assalam alaykum na habari za jioni wote,

Mnisamehe ni ndefu. Yule mzee wetu wa Tanga anayetupikia pilau kila msiba ukitokea hapa London, Ijumaa watu wameshatoka msikitini yeye kabaki pale kwenye rafu za viatu na begi lake la matairi, nikamtania mzee safari ya wapi, akacheka tu. Kumbe hana pa kulala wiki ya tatu sasa. Usiku anapanda basi mpaka mwisho wa njia halafu anarudi nalo, na Freedom Pass, ile kadi ya wazee ya kusafiri bure, halipi, ila siku za kazi haikubali kuanzia saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa tatu, basi hapo ndo anatembea tu akisubiri maktaba wafungue. Miaka 71 jamani. Miguu imevimba mpaka viatu kavikanyaga visigino kama ndara.

Ilivyokuwa ni hivi, alitoka Uingereza kwenda kumuuguza dada yake akakaa miezi saba, hakumuaga mtu wa kaunsili (halmashauri) wala wa pensheni. Tangu 2016 ukitoka Uingereza zaidi ya wiki 4 Housing Benefit (msaada wa kodi ya nyumba) na Pension Credit (nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo) zinakatika, ukifiwa na ndugu wa karibu ukiwa huko wanaweza kukusogezea mpaka 8, ukienda kwa matibabu yako mwenyewe mpaka 26, lakini lazima useme. Yeye kichwani ana zile wiki 13 za zamani. Karudi kakuta barua zimejaa nyuma ya mlango, deni la kodi ya nyumba, amri ya mahakama, na kwa aibu akakabidhi funguo mwenyewe kabla hata bailifu, yule mtu wa mahakama wa kutoa watu, hajaja. Sasa mi nimpeleke wapi?

---

Kaka pole, na mzee pole yake. Hizo funguo ndo zitatusumbua, wanaweza kusema kajitoa nyumbani kwa hiari yake. Na nyie wengine mnaosoma, mkipata notisi msikimbilie kutoka, ikiwa mnaelekea kukosa nyumba ndani ya siku 56 kaunsili inatakiwa ianze kuwasaidia hapo hapo, sheria ya 2017 hiyo.

Kwa mzee, msikubali kuambiwa mapokezini rudini wiki ijayo. Anayedhoofika kwa uzee anaingia kwenye kipaumbele, ila hawaangalii umri peke yake wanaangalia hali, kwa hiyo beba barua ya daktari, dawa zake zote, na mwambie avue viatu waione hiyo miguu. Wakiona huenda anastahili wanatakiwa wampe pa kulala wakati wanachunguza. Beba na tiketi ya kwenda na kurudi waone alikwenda kuuguza, hakuhama. Wakikataa dai uamuzi kwa maandishi, mna siku 21 za kuomba upitiwe upya, na hapo wapigieni Shelter, lile shirika la kutetea wasio na nyumba, wasiwaache peke yenu.

---

Wanangu, aje alale kwangu leo, wavulana watabanana. Ila nasikia ukimchukua mtu kaunsili wanasema basi ana pa kukaa, nikaogopa.

---

Shikamoo mama. Andika kabisa kwenye karatasi kwamba ni siku chache tu na huwezi kuendelea naye, weka tarehe, saini. Kulala kwa watu siyo kuwa na nyumba, hata sheria yao inajua hivyo. Usiwaambie tu "mzee wetu hatumtupi", mi nishaona hilo neno likimponza mtu.

---

Mama, mzee kakubali kuja, ila kasema hali bure, jikoni aachiwe yeye. Jumatatu saa tatu tupo mlangoni kaunsili, nani ana gari? Na mwenye ndara pana namba 44 aje nazo.