Cher aliingiaje kwenye filamu mpaka akachukua Oscar?

Binti_Chumbageni:
Habari zenu wakuu. Mimi naimba kwenye bendi ya hoteli hapa Tanga, nyimbo za watu zaidi kuliko zangu. Juzi jamaa anayetayarisha tamthilia kaniomba nicheze mama mdogo wa mhusika mkuu. Wenzangu wa bendi wananicheka, eti mwimbaji akiigiza watu wanamwona mwimbaji yuleyule, kabadilisha nguo tu. Mpiga kinanda peke yake ndiye aliyenitetea: "Mbona Cher kaweza?" Mimi Cher namjua kwa Believe, ile tunayoipiga kwenye maharusi. Alipewa filamu kwa jina lake, au aliisotea?

MzeeKanda:
Mwanangu, hapo umefika kwa mwenyewe. Nilikuwa na maktaba ya video hukohuko Ngamiani, na kanda yangu ya Moonstruck, ile filamu iliyompa Oscar, ilikodishwa mpaka picha ikaanza kupiga mistari.

Hilo la jina litoe kichwani. Jina ndilo lililomchelewesha. Alivuma 1965 na mwimbaji mwenzake Sonny Bono kwa wimbo I Got You Babe, hajafika miaka ishirini. Kabla muongo haujaisha wakajaribu filamu mbili, Good Times na Chastity, zote zikadoda. Baada ya hapo watu wakamzoea kwenye televisheni na yale magauni ya mbunifu Bob Mackie, kitovu nje, manyoya kichwani. Ilipofika 1980 anaimba Las Vegas pale Caesars Palace, pesa ipo, lakini wa kumpa filamu hayupo.

Sasa sikia alichofanya. Akaenda New York kuigiza jukwaani, umri miaka 35. Mwongozaji Robert Altman akamweka kwenye mchezo mmoja wa Broadway, yale majumba makubwa ya maigizo ya New York, 1982, pamoja na kina Sandy Dennis, Karen Black na Kathy Bates, watu ambao kuigiza ndiyo kazi yao. Mchezo haukudumu, wakosoaji waliuponda. Ila mwongozaji wa filamu Mike Nichols alikwenda kuutazama, na akatoka na Cher wa kumtia kwenye filamu yake, Silkwood.

Hiyo Silkwood (1983) itafute kabla ya zote. Anacheza Dolly, mfanyakazi wa kiwanda cha plutoniamu kule Oklahoma, anaishi nyumba moja na Meryl Streep na Kurt Russell. Hana wanja wala rangi ya mdomo, nguo zinampwaya. Mwenyewe amesimulia kwamba trela ilipoonyeshwa ukumbini na jina lake likatokea, watu waliangua kicheko! Filamu ilipotoka akateuliwa kwa Oscar ya mwigizaji msaidizi, na tuzo ya Golden Globe akaibeba.

Kipepeo77:
Mzee shikamoo, lakini hapo umeruka. The Sonny & Cher Comedy Hour ilianza 1971 kwenye televisheni ya CBS. Mle alikuwa anacheza vichekesho, anageuza sauti, leo huyu kesho yule. Hakuingia Broadway mikono mitupu.

MzeeKanda:
Marahaba. Sikatai, pale alijifunza lini aseme na lini anyamaze, na Moonstruck nzima inasimama juu ya hilo. Ila kwenye kichekesho mtazamaji anafurahi kwa sababu anamwona Cher chini ya wigi. Kwa Dolly inabidi amsahau Cher kabisa. Ni kazi mbili hizo.

Na hata baada ya hapo hawakumpokea kirahisi. 1985 alicheza Mask, mama wa genge la pikipiki mwenye mtoto aliyeharibika uso kwa maradhi. Tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, wakampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike, akagawana na Norma Aleandro wa Argentina. Oscar hawakumteua kabisa. Basi 1986 walipomwita akabidhi tuzo ya mtu mwingine, alipanda pale kwa nguo nyeusi ya Mackie, tumbo wazi, na rundo la manyoya kichwani kama jogoo. Mimi ile naihesabu ni jibu.

1987 zikatoka tatu kwa mkupuo: The Witches of Eastwick, Suspect na Moonstruck. Hii ya mwisho ni mjane wa Brooklyn, mhasibu, nywele zina mvi, anakubali kuolewa na mtu asiyempenda halafu anaangukia kwa mdogo wa bwana harusi, Nicolas Cage, muoka mikate mwenye mkono mmoja. Aprili 1988 akaichukua Oscar, na waliokosa ni pamoja na Glenn Close na Meryl Streep yuleyule. Hiyo Believe yenu ni ya 1998. Waambie wenzako wa bendi harusini wanapiga wimbo wa mwigizaji.

Binti_Chumbageni:
Asante mzee wangu, nimecheka peke yangu kwenye daladala. Ila kuna jambo. Huyu mtayarishaji anataka mama mdogo aimbe kwenye sehemu ya kwanza kabisa, tena wimbo wangu. Nikubali?

MzeeKanda:
Mwombe ausogeze mbele, sehemu ya sita au ya saba huko, watu wakishamzoea mama mdogo na ugomvi wake. Ukiimba mwanzo umewapa wenzako ushahidi.

Kipepeo77:
Na wimbo ukiwa wako, uandikiwe malipo yake pembeni na ya kuigiza. Usaini karatasi kabla hujaingia studio.

Binti_Chumbageni:
Karatasi hajanipa. Nampigia sasa hivi.