Naomba ushauri: meno ya juu yamejitokeza, taya ya chini imerudi nyuma, nami nina miaka 34

Mleta uzi
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mwanamke, mkazi wa Kigoma Mjini. Tangu ujana meno yangu ya juu yamejitokeza kiasi kwamba midomo haikutani mpaka niikaze, na nikiuma, meno ya chini hugusa kaakaa, mahali ambapo sasa pamekuwa na kidonda kisichokauka vizuri. Fundi mmoja wa meno wa mtaani ameniahidi kuyasaga meno manne ya mbele na kuyavika mengine kwa siku moja, huku nyumbani wakisema umri umeshapita. Je, nyaya za kunyoosha meno zinanifaa bado, au ni lazima nipasuliwe taya?

Mchangiaji wa kwanza (daktari wa meno)
Pole, dada. Umri peke yake haukuzuii. Jino husogea kwa sababu mfupa humong'onyoka upande linakoelekea na kujengwa upya upande linakotoka, na mwili hauachi kufanya kazi hiyo kwa kuwa mtu amezeeka. Kinachokoma ni ukuaji wa taya. Ndiyo maana vile vifaa vya kuisogeza taya ya chini mbele, ambavyo huwasaidia watoto wanaorefuka, havitakufaa wewe.

Swali la kwanza, basi, ni kama meno ndiyo yaliyolalia mbele juu ya taya zilizo sawa, au taya zenyewe ndizo zilizopishana. Hilo hujibiwa kwa eksirei ya kichwa ya upande na vipimo vya meno, wala si kwa kutazama kioo. Kama tatizo ni meno, nyaya hutosha, pengine baada ya kung'oa magego mawili madogo ya juu ili kupata nafasi, na kwa kawaida kazi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili na zaidi. Kama taya ya chini ni fupi mno, nyaya pekee huficha tatizo kwa kulaza meno, na katika hali nzito upasuaji huwa ndio njia ya kweli: nyaya kwanza, kisha taya hukatwa, husogezwa na kufungwa kwa bamba ndogo za titani, halafu nyaya tena kwa miezi kadhaa.

Kidonda cha kaakaa kisisubiri hayo yote. Anza na kitengo cha meno cha Hospitali ya Maweni, wakikague na kusafisha fizi zako, kwani nyaya hazifungwi juu ya fizi zinazougua. Je, meno yamezidi kujitokeza miaka ya karibuni? Kwa mtu mzima hiyo mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa fizi.

Mchangiaji wa pili (Tabora)
Nami nilifungwa nyaya ukubwani, dada yangu, na kilichonisumbua zaidi ya maumivu ni safari. Nyaya hukazwa kila baada ya wiki nne hadi nane, na waya ukichomoka ukakuchoma shavu, aliye jirani na kliniki hurekebishiwa siku hiyo hiyo. Kabla ya kulipa chochote Dar es Salaam au Mwanza, hesabu nauli ya miaka miwili, na umwombe daktari akuandikie ratiba ya mahudhurio. Mkishamaliza, kifaa cha kushikilia meno huvaliwa usiku kwa miaka mingi; ukikiacha, meno hurudi.

Mchangiaji wa tatu
Huyo fundi usimkubalie. Jino lililosagwa halirudi, na taya itabaki pale pale ilipo.

Mleta uzi
Asanteni sana. Hayajabadilika, daktari, yako hivi tangu sekondari. Upasuaji una hatari gani?

Mchangiaji wa kwanza
Hilo linapunguza shaka ya fizi, ingawa haliondoi haja ya kuzikagua. Hatari inayotajwa zaidi kwa taya ya chini ni ganzi ya mdomo wa chini na kidevu, kwa sababu mshipa wa fahamu hupita ndani ya mfupa unaokatwa. Kwa wengi hupungua kwa miezi, kwa wachache hubaki. Mwulize hilo waziwazi daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Muhimbili wapo, na Maweni wanaweza kukuandikia rufaa.