Kaka yangu amekatwa vidole kazini: twende kwa wakili au DOSH, ofisi ya serikali ya usalama kazini?

BintiJomvu
Assalamu alaykum wana jukwaa. Kaka yangu ni kibarua kwenye godauni la majani chai hapa Shimanzi, Mombasa. Foklifti ilirudi nyuma ikambana mkono kwenye paleti, na daktari ikabidi amkate vidole viwili vya mkono wa kulia. Tajiri alilipa hospitali, kisha akaja na shilingi 15,000 na karatasi ya kutia sahihi kwamba hana madai mengine. Hajatia. Jirani yetu aliumia kiwandani Changamwe mwaka 2012, alishtaki kortini akalipwa, naye anatuhimiza tukimbilie wakili. Binamu yetu anasema korti hazipokei tena kesi hizo. Tumsikize nani? Na kibarua asiye na barua ya kazi ana haki yoyote?

MzeeWaGati
Waalaykum salaam mwanangu. Pole sana kwa kaka yako. Karatasi hiyo asiiguse.

Jirani na binamu wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa wakati wake. Nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi gatini Kilindini miaka mingi na nimeona sheria hii ikivutwa huku na kule watu wakiumia. Zamani tulikuwa na sheria ya fidia ya Sura 236. Chini yake mtu aliweza kuchukua fidia ya ofisi ya leba au kumshtaki mwajiri kortini kwa uzembe. Bunge likapitisha WIBA, sheria mpya ya fidia kwa wanaoumia kazini, mwaka 2007, ikaanza kutumika Juni 2008. Kifungu cha 16 kikafunga mlango wa korti: madai yote yaende kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ndiye mkuu wa DOSH. Chama cha Mawakili kikaipinga, na Machi 2009 Mahakama Kuu ikafuta vifungu kadhaa, hicho cha 16 kikiwemo. Ndiyo maana jirani yenu aliweza kushtaki 2012. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vifungu vingi, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Hapo mlango ukafungwa kabisa.

Walioumizwa na mvutano huo zaidi ni wale waliokuwa na kesi katikati. Walishtaki korti ikiwa wazi, kisha hakimu akawaambia hana tena mamlaka. Mtu ana vyuma ndani ya mguu, faili lake linarushwa nje. Mpaka Aprili 2023 ndipo Jaji Mkuu alipotoa maelekezo kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya hukumu ya 2019 ziendelee zilikokuwa hadi mwisho. Miaka hiyo yote ya kungoja hakuna aliyewafidia, na mimi jambo hili bado linanikera.

Kaka yako ameumia sasa, kwa hiyo njia yake ni ofisi ya DOSH hapa Mombasa. Wakili anaweza kumsaidia kuandika na kufuatilia, lakini akikuambieni atafungua kesi kwa hakimu kwanza, mtafuteni mwingine. Na msikawie: madai yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Nimeona wajane wakizungushwa na "njoo wiki ijayo" za mwajiri hadi muda ukakaribia kwisha.

Kibarua pia ana haki. Sheria inamtazama aliyeajiriwa kwa ujira, haiulizi kama ana barua. Kusanyeni ushahidi kwamba alifanya kazi pale: meseji za M-Pesa za malipo, pasi ya getini, picha, majina ya wenzake wa zamu.

KaraniWaBima
Mzee amemaliza, mimi naongeza hesabu tu maana ndiyo kazi yangu. Kuna fomu ya DOSH/WIBA 1: mwajiri anajaza sehemu yake, daktari anaandika asilimia ya ulemavu wa kudumu. Fidia ni mapato ya miezi 96 mara asilimia hiyo. Kwa mfano, anayepata 18,000 kwa mwezi na daktari akaandika asilimia 10, ni 172,800. Linganisha na hizo 15,000. Zaidi ya hapo, muda aliokaa nyumbani bila kuweza kufanya kazi analipwa mapato yake, hadi miezi 12, na hospitali ni juu ya mwajiri. Asipokubaliana na uamuzi wa Mkurugenzi, ana siku 60 za kuweka pingamizi kwake, na akijibiwa asiporidhika ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Leba.

BintiJomvu
Allah awalipe. Leo tumepiga simu, msimamizi anasema kaka si mtu wao, ni wa wakala aliyewaleta vibarua. Wakala naye hapokei simu. Na fomu wamekataa kujaza.

MzeeWaGati
Hiyo nimeisikia mara nyingi. Andikeni majina ya wote wawili, godauni na wakala, mpeleke kwa ofisa wa DOSH. Mkurugenzi ana uwezo wa kufanya uchunguzi, na kumjua mwajiri ni nani ni sehemu ya uchunguzi huo. Mwajiri kukataa kujaza fomu hakumwondolei wajibu, basi mwelezeni ofisa hivyo hivyo kwa maandishi.

Na mwambieni habari ya hiyo foklifti: king'ora cha kurudi nyuma kilikuwa kinalia? Dereva alikuwa amefundishwa? Sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Ulizeni kama ipo, maana wenzake bado wanapita nyuma ya mashine ile ile kila zamu.

Mwende asubuhi, mbebe kitambulisho chake, makaratasi ya hospitali na picha za mkono. Kila mnachowasilisha, nakala yenu igongwe muhuri na tarehe kabla hamjatoka. Ukikwama niandikie hapa, nitaangalia jioni baada ya magharibi.