Tupeane uzoefu: ni jambo gani mlilijua kuhusu mzee wenu siku ya msiba wake?

Mtoto wa Balozi

Habari za jioni wadau, na shikamooni wakubwa zangu. Juzi tumemaliza arobaini ya baba huku Same, milimani. Naandika kabla sijarudi mjini, maana nikisharudi mambo haya yatanikaa kifuani tu.

Mzee alizaliwa 1932, katutoka akiwa na miaka 91. Tulizaliwa tisa, tumebaki saba. Ujanani alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, kisha akarudi nyumbani kulima, akawa balozi wa nyumba kumi. Zaidi ya hapo alikuwa mgawa maji wa ndiva yetu. Kwa wasioijua, ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo wazee wa Upare walilijenga toka enzi na enzi. Maji ya mfereji yanajaa usiku, alfajiri linazibuliwa, yanateremka mashambani kwa zamu. Anayezibua ndiye anayebeba lawama zote. Ukimpendelea ndugu yako saa moja, kuna mtu kule chini mahindi yake yananyauka. Baba aliifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini bila senti, na shamba letu alilipanga la mwisho kwenye zamu. Mama aliteta, akateta, akanyamaza.

Siku ya msiba tulikuwa tunatafuta vyeti vyake, tukakuta kaunta buku tatu chini ya godoro. Mbele ni zamu za maji: jina, siku, saa ya kufungua, saa ya kufunga. Ukiligeuza daftari uanzie nyuma, kuna mambo mengine kabisa. "Mjane wa bondeni, choo, tayari." Hiyo ni ya 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu walipokuwa wanakusanyika kwenye redio na kuchimba vyoo. Mjane hakuwa na mtu wa kumchimbia. Kumbe aliyechimba ni yeye, na sisi tulidhani jioni zile alikuwa kwenye vikao vya chama. Chini kidogo: "Mtoto wa fundi, sare na daftari 4, asirudishe." Hilo neno "asirudishe" kaliandika kwa kukandamiza kalamu mpaka likatokeza ukurasa wa pili.

Sasa kuna ukurasa wa 1984, mwaka nilioingia kidato cha kwanza. Mnaokumbuka kipindi kile mnajua hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Mimi niliondoka na godoro kuukuu la kaka, limechanika upande mmoja, na baba akaniambia mwanangu vumilia, hela haijapatikana. Kwenye daftari, mwezi ule ule, ameandika: godoro, ndoo na nauli, kwa mtoto wa jirani aliyefaulu na baba yake yuko kitandani. Nilikaa pale kitandani kwake nimelishika lile daftari, na nakiri kwenu kwamba nilikasirika. Nilikasirika kweli.

Nikatoka nje. Waliokuwa wanachimba kaburi walikuwa wanapokezana sururu, isipokuwa mmoja aliyekataa kuiachia, toka saa mbili asubuhi. Mtu mzima, mwalimu, mvi zimejaa kichwa. Ndiye yule mtoto wa jirani. Nikaingia shimoni nikachimba naye, na daftari sikumtajia.

Nawauliza wenzangu, ninyi mlijua nini siku hiyo ambacho mzee hakuwahi kukisema?

Binti wa Tanga

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Pole sana kaka yangu, Mungu ampe baba kauli thabiti.

Mimi niwahadithie habari za babu yangu mzaa mama. Kwetu alikuwa mwosha maiti. Watoto wa mtaa walikuwa wanamwogopa, na sisi wajukuu tuliona haya kumsema kwamba ni wetu, Mungu atusamehe. Sanduku lake la mbao lilikuwa uvunguni: bafta iliyokunjwa, pamba, karafuu maiti, udi, mkasi. Ufunguo aliuvaa shingoni. Hodi ikipigwa usiku wa manane hakuuliza aliyekufa ni tajiri au mlevi wa gulioni. Alitawadha, akabeba sanduku, akaenda.

Ninachokumbuka kwa karibu ni vidole vyake. Akirudi aliketi barazani, bibi akamwagia maji ya ndimu, akasugua kimoja kimoja bila kusema neno. Ndipo anauliza, "Watoto wamekula?" Kila mara. Hakugusa chakula mpaka ajibiwe.

Alipofariki tukaanza kujiuliza, sasa nani atamwosha yeye? Wakajitokeza vijana watatu, mmoja dereva wa bodaboda, hatukuwajua hata kwa sura. Kumbe alikuwa anawafundisha baada ya swala ya isha, miaka miwili mizima, kwa sababu alijiona anaishiwa nguvu na hakutaka mtaa ubaki bila mtu. Walimwosha kwa adabu, kama anavyooshwa mtoto mchanga. Mmoja wao alipotoka alimkabidhi bibi ufunguo. Bibi akamrudishia, akamvika shingoni.

Mkongo wa Reli

Poleni nyote. Yangu fupi.

Baba alikuwa fundi wa reli upande wa Kenya, kituo hadi kituo, tangu enzi za reli ya Afrika Mashariki mpaka ilipogawanywa 1977 na baada. Nyumbani alikuja likizo tu. Mimi nilikua nikiamini kwamba alituacha mikononi mwa mama. Tulipofungua sanduku lake tulikuta risiti za moni oda, zimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka. Niliketi na dada zangu tukazihesabu, hakuna mwezi uliorukwa. Hata ile miezi aliyokuwa hospitalini na sisi hatukuambiwa anaumwa. Sina zaidi ya hayo, bado nazitazama.

Mama wa Wanne

Nimewasoma kwa heshima, lakini na mimi niseme langu bila kumvunjia mtu hadhi. Baba yangu watu walimlilia wilaya nzima. Alijenga shule, aliamua kesi za mipaka, msafara wa mazishi ulijaa barabara. Nyumbani tulikuwa tunapewa kilichobaki, na mara nyingi hakikubaki kitu. Mama alijifungua mara mbili baba akiwa mkutanoni. Siku ya msiba kila aliyesimama alimwita "baba yetu," na mimi nilikuwa najiuliza, wangu je? Nampenda na nimemsamehe. Lakini Mtoto wa Balozi, hasira yako ya lile godoro usiione dhambi.

Mtoto wa Balozi

Mama wa Wanne, asante dada, umenishika pabaya na pazuri. Sijaiona dhambi. Nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba kuna kaunta buku moja kati ya zile tatu ambayo ni yetu sisi watoto. Kila mmoja na ukurasa wake. Wangu una siku niliyoota meno, siku niliyopata surua, na karibu na mwisho kaandika: "Godoro. Nina deni kwake." Hakuwahi kulilipa, ila alijua. Mimi hilo lilinitosha. Wewe kama halikukutosha, nakuelewa, na pole sana.

Mwanafunzi wa Mwembeni

Salaam kutoka Songea. Baba alikuwa katekista, na jioni alifundisha kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, basi yeye akaweka ubao chini ya mwembe na akina mama wakawa wanakuja na watoto mgongoni baada ya kutoka shamba. Darasa lilianza na kina mama sita. Waume wengine walikuja kuwatoa kwa fimbo. Baba aliwakaribisha, akawapa chaki, na wawili kati yao walibaki kusoma.

Kwenye mazishi tulimpanga mjomba asome historia ya marehemu. Mara akasimama bibi mmoja na mkongojo, kapita themanini, akasema, "Nipeni hiyo karatasi, mimi ndiye wa kuisoma." Tukasitasita. Akavaa miwani yenye mguu mmoja, upande mwingine kafunga kamba, akasoma kwa kidole, neno kwa neno, karatasi nzima. Ilichukua karibu nusu saa juani na hakuna aliyeondoka. Alipofika kwenye jina la baba alilirudia mara mbili, akaeleza kuwa ndilo neno la kwanza aliloandika ubaoni baada ya jina lake mwenyewe.

Binti wa Tanga

Ya Rabbi. Nimelia hapa kazini.

Mkongo wa Reli

Mtoto wa Balozi, ndiva sasa anaifungua nani?

Mtoto wa Balozi

Kwa sasa ni mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka ishirini na sita. Wazee wa mfereji walimwita wakamkabidhi siku tatu baada ya mazishi. Jumamosi kuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzoa tope, nimesogeza safari yangu ili niwepo. Kijana kaniomba kaunta buku aendelee kuandika pale babu yake alipoishia. Jana jioni nimeiona. Kapanga zamu za wiki ijayo, na shamba letu kaliweka la mwisho.