FUNDI AKIKWAMBIA HARUFU YA KUUNGUA KWENYE SHAWA "NI VUMBI TU", MFUKUZE!! (Mombasa, soma kabla hujawasha)

Jamani leo sina salamu ndefu, niko na hasira na naandika hivi hivi. Nani aliwafundisha mafundi wa stima wa mji huu kwamba kila harufu ya kuungua jibu lake ni "ni vumbi tu mamangu, itaisha yenyewe"? Huyo mwalimu wao nataka nimjue.

Tuko kwa flati upande wa Bamburi, nyumba ya kupanga, bafuni kuna ile shawa ya umeme ya kuchemsha maji papo hapo. Na kabla hamjaanza maneno yenu, ndiyo najua Mombasa ni joto, najua saa nane mchana maji ya tanki yakuunguza bila stima, msinichoshe. Mamangu mkwe yuaumwa na viungo, na mwezi wa sita wa saba kusi ikivuma alfajiri na manyunyu yake, mtu mzima kama yule humwogeshi maji baridi. Basi.

Mwanzo shida haikuwa harufu. Shida ilikuwa breka, ukioga dakika chache tu paap, imekatika, na wewe una sabuni machoni. Landlodi akaleta fundi wake, kijana ana mkoba na tesa ya kalamu, akachungulia kule kwenye boksi ya breka akasema hii ya ampi 20 ni dhaifu, akaitoa akaweka ya 40. Nusu saa kazi imekwisha, elfu mbili na mia tano nikatoa mimi, landlodi akasema ataikata kwa kodi, hadi leo hajakata. Kweli breka haikukatika tena. Ndo harufu ikaanza.

Sasa harufu yenyewe haikuwa ya moshi, ilikuwa kama samaki aliyelala halafu mtu akamchoma pamoja na mfuko wa plastiki. Keyateka akaitwa, akanusa, akatoa hukumu palepale kama kadhi: ni yule mama wa samaki wa kukaanga hapo chini, mafuta yake yapanda kwa dirisha la bafu. Wallahi akateremka akamgombeza mama wa watu mbele ya wateja, mara ahamishe karai, mara wapangaji wamelalamika. Jumapili mama hakuuza, karai kavu, jiko baridi, na bafuni kwangu harufu ni ileile! Keyateka hadi leo hajaenda kumwomba radhi yule mama na kila siku apita hapo.

Hii muishike wengi hamuijui: ile plastiki ngumu ya swichi, soketi na konekta ikipata moto kupita kiasi yaweza kutoa harufu ya samaki kabisa. Ukisikia samaki na hakuna aliyepika samaki, shuku stima kwanza. Na yaweza kunuka hivyo muda mrefu kabla hujaona moshi hata kidogo.

Nikampigia fundi. Hakuja. Akanitumia vidio kwa WhatsApp, ati "angalia mama hata wazungu wasema ni kawaida". Nikaifungua. Vidio ni ya tanuri la umeme la kupasha nyumba joto, Marekani huko! Kwao baridi ikiingia wana mtambo wa koili za umeme, feni inapuliza hewa kwenye zile koili halafu joto linapita kwenye mabomba hadi vyumbani. Sasa ule mtambo hukaa kiangazi chote umezimwa, vumbi linalalia koili, siku ya kwanza ya kuuwasha vumbi linaungua na nyumba inanuka kidogo halafu inaisha. Hiyo ni kweli kwa tanuri la Marekani. Lakini ndugu yangu, shawa yangu inapitisha MAJI kila siku, vumbi linakaa wapi humo?? Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nimeitazama ile vidio hadi mwisho, yeye hakufika. Mwisho yule Mmarekani asema harufu isipoisha, au ikiwa ni ya plastiki au waya, zima mtambo kwenye breka na uite fundi. Asema pia chujio la hewa likijaa uchafu hewa haipiti vizuri, koili zapata moto kupita kiasi. Yaani ushahidi alionitumia ndio unaomfunga.

Nilichokiona mwenyewe ni hiki. Ile swichi kubwa nje ya mlango wa bafu, yenye kitaa chekundu, upande wa chini ilikuwa imebadilika kutoka nyeupe ikawa rangi ya chai ya maziwa, na pembe moja plastiki imetoka kama kipovu kidogo. Nikasogeza kiganja karibu bila kugusa, joto lake nalisikia. Nikaenda moja kwa moja kwa breka nikazima na nikabandika tepu juu ili mtu asiwashe. Mamangu mkwe tangu hapo ni sufuria na ndoo.

Fundi wa pili nikamtafuta mwenyewe, afanya kazi hotelini huko Nyali na ana leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati na petroli, alinionyesha bila kuulizwa. Alipofungua ile swichi hata yeye alisonya. Waya mmoja haukukazwa, skrubu inacheza, shaba imekuwa nyeusi na ganda la waya limekauka linavunjika ukiligusa. Juu ya dari kuna kiungo waya zimesokotwa kwa mkono zikafungwa tepu nyeusi, basi, hakuna hata konekta. Tepu yenyewe imeyeyuka. Na waya wote kutoka boksi hadi shawa ni wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi!

Akanipigia hesabu na nyinyi pigeni. Shawa imeandikwa wati 7,500. Stima yetu ni volti 240. Gawanya, wapata zaidi ya ampi 31. Shawa kama hiyo hupewa laini yake peke yake kutoka kwa boksi, waya wa 6 au mnene zaidi kulingana na umbali, na breka inayolingana na huo waya. Sasa ile breka ya 20 iliyokuwa ikikatika haikuwa dhaifu, ilikuwa inafanya kazi yake! Breka ipo kulinda waya, ilikuwa inapiga kelele kwamba huu waya haubebi mzigo huu. Huyu mjinga akainyamazisha, akaweka ya 40 na kuacha waya uleule, kwa hivyo sasa waya waweza kuungua na breka inatazama tu. Na kiungo kilicholegea ndo kibaya zaidi, mkondo ukiongezeka mara mbili joto hapo lapanda mara nne.

Hamjasikia bado. Maji ya flati hii ni ya kisima, ya chumvi, kama nyumba nyingi za huku. Shawa nyingi elementi yake, yaani ile koili ya kuchemsha, iko uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi yapitisha stima kuliko maji matamu, ndo maana madukani kuna shawa zimeandikwa kabisa za maji ya chumvi. Yetu si hiyo. Na waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini stima inayovuja? Umekatwa, ukakunjwa, ukafichwa nyuma ya shawa. Breka ya kukata stima ikivuja, ile ya miliampi 30, hakuna. Yaani mamangu mkwe alikuwa anaogeshwa chini ya shawa hiyo kila asubuhi!! Nikifikiria hapo mikono yatetemeka, acha nisiendelee.

Landlodi nimemtumia picha zote. Jibu lake: "Dada, kwani Mombasa maji moto ya nini?" Wapangaji wa juu nao wana shawa zilezile, fundi ni yuleyule, na wa ghorofa ya tatu kaniambia yake pia breka ilibadilishwa. Sasa nataka kujua, kuna mtu hapa ashawahi kumshitaki fundi asiye na leseni? Manake sheria ya nishati ya 2019 haimruhusu mtu kufunga stima bila leseni, na nataka yeye na landlodi wote wawili wajibu. Pesa yangu nataka, na laini mpya nataka, na si kwa kodi yangu.

NYONGEZA: naona wengi mwauliza, nawajibu kwa pamoja. Anayesema nimwage maji kwenye swichi ikitoa moshi, wewe usipewe ushauri wa kutoa popote. Zima breka, na kama huwezi kuifikia zima maini, ile swichi kuu ya nyumba, watoe watu nje, piga 999 au 112. Anayesema abadilishe swichi peke yake, swichi mpya kwenye waya uleule itayeyuka vilevile.

Na wewe wa Mtwapa uliyesema yako yanuka "kidogo tu, jioni jioni", na breka ilibadilishwa juzi: kaizime sasa hivi, halafu rudi hapa utwambie imeandikwa ngapi.