Majirani wa Nzuguni, Dodoma: nyanya za Mama Neema

Mama Neema 13:12
Mbukwenyi majirani. Nyanya zangu zimelala kama zimechemshwa! Na jana jioni nimezipa madumu matatu. Nimwagie tena sasa hivi?

Baba Juma 13:14
Mwagia mama, kiu haina saa 😂

Babu Bwana Shamba 13:20
Usimsikilize huyo. Gusa udongo kwanza.

Mama Neema 13:22
Juu umelowa, babu.

Babu Bwana Shamba 13:29
Basi acha. Oktoba hii, jua hili na upepo wetu wa vumbi, jani linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyovuta. Jani lina vitundu vidogo sana, vingi viko upande wa chini. Vinafunguka ili hewa ya kutengenezea chakula iingie, na hapohapo mvuke unatoka. Karibu maji yote mmea unayokunywa yanaishia hewani hivyo. Yakipungua, jani linalegea kama tairi la baiskeli lililoisha upepo.

Shangazi Asha 13:33
Si vijifunge tu hivyo vitundu?

Babu Bwana Shamba 13:36
Vinajifunga! Ila mvuke ukizuiwa, hewa nayo haiingii, mmea unalala njaa. Nyanya ikishinda na kiu kila siku inadumaa, maua yanadondoka.

Baba Juma 13:38
Mbona mtama wangu wa Hombolo mvua ilipokata mwezi wa pili haukutikisika?

Babu Bwana Shamba 13:41
Mtama jani lake lina nta, likizidiwa linajikunja, na mizizi inakwenda mbali. Usiufananishe na nyanya, hiyo ni deko.

Mama Neema 18:47
Zimeanza kuinuka 🙏🏾

Babu Bwana Shamba 18:52
Basi kulala huko kulikuwa kwa mchana tu. Kaziangalie alfajiri, kabla ya jua. Itakayoamka bado imelala, hiyo ndiyo ina shida.

Mama Neema 06:08
Tisa zimesimama. Ya ukutani bado imelala.

Babu Bwana Shamba 06:10
Chimba pembeni yake, kina cha kiganja.

Mama Neema 06:19
Babu! Juu tope, chini vumbi tupu!

Babu Bwana Shamba 06:24
Ukutani hapo joto linazidi, na wewe unanyunyiza juujuu. Mpe maji polepole mpaka yashuke chini, hata kama si kila siku. Kisha tandaza nyasi kavu shinani.

Mama Neema 06:26
Nyasi nitatoa wapi kiangazi hiki?

Shangazi Asha 06:27
Kwa Baba Juma kuna marobota ya nyasi za ng'ombe.

Baba Juma 06:31
Shangazi jamani 😭

Mama Neema 06:32
Natuma mtoto na kiroba.