Pedali ya breki inazama polepole kwenye Kombi ya kulala ya mwaka 1974

Mwenye Kombi, Moshi

Ndugu zangu, naomba msaada. Nina Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1974, yenye kitanda cha kukunjua na jiko dogo, ambayo familia yangu huitumia kwa safari za kulala njiani. Wiki iliyopita tulikuwa tukiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, nikasimama kwenye kona kupisha lori, na nikiwa bado nimekanyaga breki nikahisi pedali inashuka yenyewe chini ya mguu, polepole, mpaka ikakaribia sakafu na gari likaanza kusogea. Nilipoachia na kukanyaga tena, ilipanda na kushika. Mteremko uliobaki tuliumaliza kwa gia ya kwanza na ya pili, watoto wakiwa kimya kabisa nyuma.

Nyumbani nilikagua magurudumu yote manne na mabomba. Sikuona unyevu, na mafuta ya breki hayajapungua. Fundi wa jirani alitoa upepo kwenye breki zote huku msaidizi wake akipampu pedali mpaka chini, lakini tangu hapo hali imezidi kuwa mbaya. Sasa anataka ninunue pedi mpya. Je, ni sahihi?

Fundi wa Tanga

Pole sana kaka, na ulifanya vyema kuteremka kwa gia. Pedi hazihusiki hapa. Pedi zilizokwisha hupunguza ushikaji na hukwaruza diski, lakini haziwezi kuifanya pedali izame wakati mguu wako umetulia juu yake. Pedali ikizama na mafuta yakabaki palepale, mshukiwa wa kwanza ni masta silinda, yaani silinda inayosukumwa na pedali ili kupeleka mafuta kwenye breki: raba zake zimechoka, na mafuta yanazipita yakirudi nyuma badala ya kusukuma breki.

Weka gari mahali tambarare, tia kabari, zima injini, kisha kama lina sevo (kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya kubana breki) kanyaga mara kadhaa mpaka nguvu ya sevo iishe. Kanyaga kwa nguvu na ushikilie dakika nzima. Halafu rudia kwa kukanyaga kidogo tu, kama mtu anayesubiri kwenye taa za barabarani. Raba iliyochakaa mara nyingi huziba vizuri ukikanyaga kwa nguvu, kwa sababu presha yenyewe huutanua mdomo wake ukabana ukuta wa silinda, lakini hupitisha mafuta ukikanyaga taratibu. Hapo ndipo wenye magari wengi huambiwa breki ni nzima, kwa kuwa aliyepima alikanyaga kwa nguvu tu.

Kuhusu kuharibika zaidi baada ya kutoa upepo, sababu ninaifahamu na inaniuma kila ninapoiona. Kwa miaka mingi pistoni husafiri sehemu fupi tu ya silinda, na mbele yake, mahali ambapo haifiki, maji yaliyonyonywa na mafuta huacha kutu na vishimo. Siku pedali inapopampuliwa mpaka sakafuni, raba hupelekwa juu ya kutu hiyo na midomo yake huchanika. Kwa gari la zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedali kabla ya kutoa upepo.

Dereva mstaafu, Nakuru

Ninakubaliana na fundi, ila nisingenunua masta kabla ya kuthibitisha. Kombi yako ina diski mbele na dramu nyuma, na silinda ndogo iliyo ndani ya dramu inaweza kuvuja bila tone kufika chini. Vua dramu, kisha inua taratibu kikinga vumbi cha raba kwenye kila silinda. Kukiwa na mafuta nyuma yake, hilo nalo ni tatizo. Kama una sevo, kagua pia pale masta inapoungana nayo, maana sevo inaweza kuyameza mafuta bila kukuonyesha chochote nje.

Baada ya hapo fungua mabomba kwenye masta na uzibe matundu yake kwa plagi za nyuzi zinazolingana, kisha utoe upepo uliobaki ndani. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, masta ni nzima na tatizo liko baada yake, kuelekea magurudumu. Ikizama, hakuna tena cha kubishania. Na tafadhali, gari lisitoke nyumbani mpaka hapo.

Mwenye Kombi, Moshi

Ahsanteni sana wazee wangu. Dramu zote mbili ni kavu. Nilipoziba matundu ya masta, pedali ilizama vilevile kwa kukanyaga kidogo. Nimeifungua: raba mbili zina mikwaruzo, na nikipitisha ukucha ndani ya silinda unanasa kwenye vishimo. Je, nibadilishe raba peke yake?

Fundi wa Tanga

Hapana kaka. Ukucha ukinasa, raba mpya nazo zitachanika. Nunua masta nzima. Ijaze mafuta na uitoe upepo mezani kabla ya kuifunga. Tumia mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, na uyabadilishe kila baada ya miaka 2. Kati ya fimbo ya pedali na pistoni acha nafasi ya takriban milimita 1, kwa sababu ikibana, mafuta hayatarudi kwenye chupa ya gari inayolisha masta na breki zitashika zenyewe ukiwa njiani.